Kuni ya Kahawa Inapogeuka Kalamu: Ufundi wa Kukereza Kalamu za Mbao

Mazungumzo kwa wakazi, mafundi wa jua kali na wanafunzi wa vyuo vya ufundi



Mkulima wa kahawa wa Kangundo au Matungulu anapokata mashina yaliyozeeka, jambo la kwanza linalomjia akilini ni jiko. Kuni za kahawa ni ngumu na hushika moto vizuri. Basi shina lililolipa karo ya watoto kwa miaka mingi huingia jikoni asubuhi, na kufikia jioni limekuwa majivu. Hakuna wa kulaumiwa, kwa maana chakula lazima kipikwe. Lakini ndani ya shina hilo mna kipande chenye urefu wa kiganja na unene wa kidole gumba. Kipande hicho kikikaushwa kwa subira na kukerezwa kwa mkono mtulivu huwa kalamu. Mtoto aliyelipiwa karo na mti ule, ambaye leo ni mwalimu, karani au muuguzi, anaweza kuandika nayo hadi atakapostaafu.

Mazungumzo haya yanahusu kalamu hiyo: jinsi inavyotengenezwa, inavyong'arishwa, bei inayostahili, na mti unaofaa kukatwa kwa ajili yake. Jambo moja likumbukwe tangu mwanzo. Mnunuzi wa kalamu ya mbao hanunui wino, kwa sababu wino upo dukani kwa bei ya chini sana. Ananunua mti na uaminifu wa fundi. Kimoja kikikosekana, biashara haidumu.

Ufundi wenye mizizi hapa

Kazi ya mbao si ngeni Machakos. Wamunyu inajulikana ndani na nje ya Kenya kwa vinyago. Historia ya uchongaji humtaja Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akajionea kazi ya wachongaji wa huko, na kurudi nyumbani na ujuzi aliowafundisha jamaa zake. Kutoka kwa watu wachache, kazi ile ilienea hadi ikawa riziki ya maelfu ya familia za Wakamba, na ikafika Nairobi na Mombasa.

Historia hiyo ina fahari, na pia ina onyo. Miti iliyopendwa na wachongaji ilikuwa mpingo, ambao Wakamba huuita muvingo, pamoja na muhugu. Yote miwili ni migumu, ina nyuzi zilizoshikamana na hung'aa ikipigwa msasa. Lakini yote miwili hukua polepole mno. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kukatwa mbao. Kadiri soko lilivyokua ndivyo miti ilivyopungua, na wachongaji wakalazimika kuifuata mbali zaidi na zaidi. Ndipo wengi wakageukia jakaranda, mwembe, mgrevilea na mwarobaini, miti inayopandwa na kukua upesi.

Mkerezaji wa kalamu ana bahati ambayo mchongaji wa twiga hana. Twiga mrefu huhitaji gogo zima, ilhali kalamu huhitaji kipande kidogo tu. Chukua ubao wenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 2. Ukiupasua vipande vya sentimita 13 vyenye upana wa sentimita 2, na kuacha nafasi ya meno ya msumeno, utapata vipande 42. Hizo ni kalamu 42 kutoka kwa ubao mmoja ambao seremala huenda angeutupa kwa sababu una ufa pembeni. Mabaki ya karakana za vitanda, matawi ya mwembe uliopogolewa, mashina ya kahawa, vipande vya mukau vilivyobaki baada ya kutengeneza milango, vyote hivyo ni malighafi. Hakuna haja ya kumwangusha mpingo hata mmoja.

Mti wa kuchagua

Kila mti una tabia yake, na fundi hujifunza tabia hiyo kwa kuushika. Mti wa kahawa ni mgumu, nyuzi zake ni laini na zimeshikamana, na rangi yake ni ya maziwa inayoelekea udongo. Hukerezwa vizuri na huonyesha mng'aro. Ubaya wake ni kwamba hupenda kupasuka ukikaushwa kwa haraka. Mwembe una michirizi, na mara nyingine madoa meusi yanayoletwa na kuvu. Mnunuzi huyapenda madoa hayo kwa sababu hakuna kalamu mbili zitakazofanana. Mgrevilea huonyesha madoadoa kama ya kanga ukipasuliwa kwa upande unaofaa. Mukau, mti wa asili wa ukame ambao wakulima wengi wa Ukambani wamekuwa wakiupanda, una rangi nyekundu ya kahawia. Nyuzi zake ni pana kidogo, kwa hiyo huhitaji kujazwa vinyweleo kabla ya kung'arishwa.

Kuhusu mpingo, sheria ieleweke. Tangu tarehe 2 Januari 2017, jamii ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka wa 2019 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa masharti hayo kwa bidhaa zilizokamilika ikiwa uzito wa mbao hiyo haupiti kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kwa hiyo kalamu chache za mpingo zinaweza kuvuka mpaka bila cheti cha CITES. Hilo halimaanishi kwamba mti wenyewe unaweza kukatwa ovyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 bado ipo, na anayetaka kukata au kusafirisha mazao ya miti anapaswa kumwona kwanza afisa wa misitu wa eneo lake apewe maelekezo ya vibali. Fundi anayetumia kipande cha mpingo kilichobaki katika kinyago kilichovunjika hana hatia. Fundi anayemtuma kijana na shoka usiku anamwibia mjukuu wake.

Kukausha kwanza

Makosa mengi ya kalamu za mbao hayafanyiki kwenye mashine. Hufanyika wiki nyingi kabla, mti ukiwa bado mbichi. Mti mbichi ukikerezwa leo utaonekana mzuri leo. Baada ya wiki tatu, mwenye kalamu akiwa ofisini, mbao inasinyaa. Mrija wa chuma ulio ndani hausinyai. Mbao haina pa kwenda, basi inapasuka kwa urefu wake wote. Mnunuzi hatarudi kulalamika. Atawaambia wenzake tu kwamba kalamu za pale hupasuka.

Njia ya kukausha haihitaji mashine ya bei ghali. Shina likatwe vipande, na ncha zote mbili zipakwe nta au rangi nzito ili maji yasitoke upesi kupitia nchani. Vipande vipangwe juu ya rafu yenye kivuli na hewa, huku kila safu ikitenganishwa na vijiti. Visianikwe juani. Fundi achague vipande vitano, aviandike namba kwa penseli, na kuvipima kila wiki kwa mizani ya jikoni, kisha aandike uzito katika daftari. Mwanzoni uzito utashuka haraka, halafu polepole. Ukikaa palepale kwa wiki tatu au nne mfululizo, mbao imekauka kulingana na hewa ya mahali hapo. Vipande vyembamba huchukua miezi michache, na gogo nene huchukua mwaka au zaidi. Haraka haraka haina baraka, na daftari lile ndilo litakalomwonyesha fundi kama ana haraka.

Kazi kwenye mashine

Kukereza ni kuuzungusha mti kwenye mashine huku makali ya patasi yakiuchonga ukiwa unazunguka. Mashine yenyewe ni kerezo, ingawa katika karakana nyingi huitwa lethi. Ya kalamu haihitaji kuwa kubwa. Ndogo inayokaa juu ya meza inatosha.

Fundi hununua pia seti ya vyuma vya kalamu: mirija miwili ya shaba ya manjano, ncha, kibanio cha mfukoni, kifaa cha kuzungusha, na mrija wa wino. Seti ya kalamu nyembamba iliyo rahisi zaidi hutumia mirija yenye kipenyo cha milimita 7. Wino na kigololo cha nchani si kazi ya mkerezaji. Ubunifu huo wa kigololo ulipata hataza mwaka wa 1938 kwa László Bíró, Mhungaria aliyehamia Argentina baadaye, na jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu wanaposema "biro". Kazi ya mkerezaji ni mwili wa kalamu, ule unaoshikwa na mkono.

Hatua ni hizi. Kwanza, kipande cha mbao huchorwa mstari upande mmoja, kisha hukatwa katikati. Mstari ule humkumbusha fundi jinsi vipande viwili vilivyokuwa vimeungana, ili michirizi ifuatane kalamu itakapokamilika. Akiusahau, kalamu itaonekana kama miti miwili iliyolazimishwa kuoana.

Pili, kila kipande hubanwa kwenye jiliwa na kutobolewa kwa biti ya milimita 7 kutoka ncha hadi ncha. Biti isisukumwe kwa nguvu. Fundi huiingiza kidogo, huitoa ili vumbi litoke, huacha mbao ipoe, kisha huendelea. Joto ndilo adui hapa. Mbao ikipata moto ndani hupasuka, na ufa huo mara nyingi hauonekani hadi mwisho wa kazi.

Tatu, mirija ya shaba husuguliwa kwa msasa ili gundi ishike. Ncha ya mrija huchomekwa kidogo kwenye kipande cha kiazi kibichi ili gundi isiingie ndani yake. Kisha mrija hupakwa gundi na kuingizwa kwenye tundu huku ukizungushwa, ili gundi ienee kila mahali. Mahali pasipo gundi ndipo mbao itakapoachia. Gundi ya kuchanganya, ile inayouzwa katika mirija miwili, iachwe usiku kucha.

Nne, ncha za mbao husawazishwa hadi zilingane kabisa na ncha za shaba na kuwa mraba kwa mrija. Shaba ikionekana, fundi huacha mara moja. Akiendelea, mrija unafupika na kalamu haitafunga vizuri.

Tano, vipande huvikwa kwenye chuma chembamba cha kuzungushia pamoja na bushi, yaani pete za chuma zinazokaa kila ncha. Bushi humwonyesha fundi unene wa mwisho, kwa sababu mbao inapofikia usawa wa bushi, hapo ndipo vyuma vya kalamu vitakapokutana nayo bila ngazi. Nati ikazwe kwa vidole tu. Ikikazwa mno, chuma hupinda kidogo sana, jicho lisione, na kalamu hutoka na upande mmoja mnene kuliko mwingine.

Sasa mashine inawashwa. Kwa kazi nyembamba kama hii, mwendo wa mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika hufaa. Patasi ya mviringo iwe kali kiasi cha kunyoa. Kiegemeo cha patasi kiwe karibu na mbao bila kuigusa. Fundi huanza kwa kuondoa pembe nne, na mlio hubadilika kutoka kugonga hadi kuvuma. Mlio huo ni mwalimu. Ukivuma sawasawa, patasi inakata. Ukilia, makali yamekwisha na yanakwangua. Maranda yakitoka marefu na mepesi, kazi ni njema. Yakitoka vumbi, patasi irudi kwenye jiwe la kunolea.

Kung'arisha

Mnunuzi hataona gundi wala tundu. Ataona na kugusa uso wa kalamu, na hapo ndipo atakapoamua.

Msasa huanza na namba 150, kisha 220, 320, 400 na 600. Mwendo wa mashine hupunguzwa. Siri iko katika kutoruka namba. Kila msasa huondoa mikwaruzo ya ule uliotangulia, na fundi akiruka kutoka 150 hadi 400 atakuwa anang'arisha mikwaruzo tu. Kabla ya kubadilisha namba, mashine izimwe, mbao isuguliwe kwa urefu wa nyuzi, kisha ifutwe vumbi lote. Chembe moja ya msasa wa 150 iliyobaki itachora pete ambayo haitafichika.

Baada ya msasa, njia ni tatu. Ya kwanza ni mafuta na nta. Ukambani ni nchi ya mizinga, na nta safi ya nyuki haiko mbali. Nta hupakwa kidogo kwenye kitambaa cha karatasi na kushikwa juu ya mbao inayozunguka hadi joto liiyeyushe. Kalamu huwa na mguso mzuri na harufu nzuri, lakini jasho la mkono huiondoa baada ya muda. Anayeuza kalamu ya nta amweleze mnunuzi kwamba itahitaji kupakwa tena.

Ya pili ni vanishi ya kusugulia kwa joto, ambayo hupakwa mashine ikizunguka na kukauka papo hapo. Hung'aa zaidi ya nta na ni rahisi kujifunza, ingawa nayo huchakaa mkono unaposhika kila siku.

Ya tatu ni supaglu nyepesi, ikipakwa tabaka nyembamba sita hadi kumi, kila moja ikiachwa ikauke. Huacha ngozi ngumu kama kioo inayostahimili jasho na mfuko wa shati. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Fundi asitumie pamba wala kitambaa cha pamba kuipaka, kwa sababu supaglu ikikutana na pamba hutoa joto kali linaloweza kuunguza vidole. Moshi wake huwasha macho na kifua, kwa hiyo madirisha yawe wazi.

Mwisho ni kuunganisha. Vyuma huingizwa kwa kubanwa polepole kati ya meno ya jiliwa yaliyowekewa vibao laini. Kile kifaa cha kuzungusha huingizwa kidogo kidogo, huku mrija wa wino ukijaribiwa kila mara. Kikiingia mno, ncha ya wino haitarudi ndani, na shati la mteja litaeleza mengine.

Usalama si mapambo

Karakana ina desturi ya kucheka anayevaa miwani. Desturi hiyo imepotezea watu macho. Mbele ya kerezo, miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa maana kipande chenye ufa kinaweza kuruka wakati wowote. Mikono mirefu ya shati ikunjwe au ifungwe, tai na bangili zivuliwe, nywele ndefu zifungwe. Glavu zisivaliwe mashine ikizunguka, kwa kuwa huvutwa pamoja na mkono.

Vumbi nalo huumiza polepole. Vumbi la mpingo hujulikana kuleta muwasho wa ngozi kwa baadhi ya watu, na vumbi laini la mti wowote halifai mapafuni. Barakoa nzuri ivaliwe wakati wa msasa, na sakafu ifagiliwe kwa maji kidogo vumbi lisipae. Stima ikikatika ghafla, swichi izimwe kabla ya kuondoka, kwani itarudi wakati mkono wa mtu uko mahali pasipofaa.

Bei ya haki

Mafundi wengi hupoteza hapa kile walichokichuma kwenye mashine. Chukulia mfano wa fundi aliyenunua seti ya vyuma kwa shilingi 350. Anauza kalamu kwa shilingi 500 na kurudi nyumbani akifurahia faida ya 150. Lakini gundi, msasa na nta vimemgharimu shilingi 60 kwa kila kalamu. Stima na kuchakaa kwa patasi na biti ni shilingi 40. Sasa gharama ni 450, na kilichobaki ni shilingi 50. Amefanya kazi saa moja na nusu. Kijana aliyebeba mawe ya ujenzi kwa muda huo huo huenda amepata zaidi.

Akijilipa shilingi 200 kwa saa, kazi yake ni shilingi 300, na bei inayorudisha gharama ni 750 kabla ya faida yoyote. Bado hajahesabu kalamu zinazopasuka mikononi mwake, na kila anayejifunza hupasua kadhaa. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila fundi aweke za kwake. Lililo muhimu ni kwamba hesabu iandikwe. Bei isiyoandikwa hukadiriwa na mnunuzi.

Je, kuna atakayelipa bei hiyo? Hatalipa aliyetafuta biro ya kuandikia orodha ya sokoni. Atalipa mzazi anayempa zawadi binti aliyehitimu, kanisa linalomuaga mchungaji, shule inayomstaafisha mwalimu mkuu, au familia iliyokata mwembe wa marehemu babu na inataka kila mjukuu abaki na kipande chake. Watu hao wananunua kumbukumbu. Ndiyo maana kila kalamu inastahili kadi ndogo yenye mambo matatu: ni mti gani, ulitoka wapi, na itunzwe vipi.

Kadi hiyo iseme kweli. Katika biashara ya vinyago kuna mchezo wa zamani wa kupaka jakaranda polishi nyeusi ya viatu na kuiuza kwa jina la mpingo. Mtalii hupanda ndege akiwa na furaha, kisha siku moja rangi inamchafua vidole, au kinyago kinakwaruzwa na kuonyesha weupe ndani. Hasara hiyo haimwangukii muuzaji yule pekee. Humwangukia kila mchongaji mwaminifu atakayekutana na mtalii huyo au rafiki zake. Kalamu hushikwa kila siku, kwa hiyo uongo wake hugunduliwa mapema zaidi. Jakaranda iitwe jakaranda. Mti wa kahawa uitwe mti wa kahawa, tena kwa fahari, maana mpingo unapatikana katika nchi nyingi, lakini shina la kahawa kutoka shamba fulani la Matungulu ni moja tu duniani.

Pa kuanzia

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, pamoja na leseni za biashara na utekelezaji wa sera za uhifadhi wa misitu. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kuanza ana milango mitatu ya kubisha karibu na nyumbani. Chuo cha ufundi kilicho karibu kimweleze kama kina mashine ya lethi na mwalimu wa useremala. Ofisi ya biashara ya wadi imweleze kuhusu kibali cha biashara. Afisa wa misitu amweleze kuhusu kukata na kusafirisha miti.

Asiye na mtaji wa mashine asikate tamaa. Vijana watano wanaweza kuchangia mashine moja na kupeana zamu, mmoja akikausha na kupasua, mwingine akitoboa na kugundisha, mwingine akikereza, mwingine aking'arisha, na mwingine akiuza na kuweka hesabu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena wakati mashine bado haijanunuliwa, kazi ya kukausha inaweza kuanza leo. Haihitaji stima wala mkopo. Inahitaji rafu, kivuli, nta kidogo, mizani na daftari.

Na mkulima aliyepanga kung'oa kahawa yake, au kupogoa mwembe baada ya msimu, ana ombi moja la kufikiria. Kabla ya kuni zote kuingia jikoni, achague mashina machache yaliyonyooka na yasiyo na wadudu, ayapake nta nchani na kuyaweka mahali penye kivuli. Jiko halitakosa moto kwa kukosa mashina matatu. Na huenda siku moja kijana wa mtaa akayakereza, na mtoto wa mtoto wake akaandikia mtihani kwa mti uleule uliomsomesha mzazi.